Mwenye Mnyororo Ndiye Mwenye Bei

Mfyuu! Niacheni nisonye kwanza, maana jambo lenyewe linauma. Noah ya mjomba wetu iliyozimika kwenye mlima wa Newala imetoka yadi ya Masasi, na imetoka mbovu kuliko ilivyoingia. Ilivutwa kwa sababu pampu ya mafuta ilikufa. Imerudi hapa kwetu Chidya bampa la mbele limepasuka, na gia boksi haikamati gia ya mbele. Na mjomba kalipa. Kalipa yote ndipo akafunguliwa geti.

Kwa simu walikubaliana laki mbili. Gari lilipofika yadi ikawa laki tatu na nusu: laki mbili za kuvuta, laki moja ya mlima, elfu hamsini ya kulaza gari. Laki ya mlima, jamani! Mjomba alipopiga simu alitaja mahali aliposimama. Mtu wa breki dauni wa mkoa huu ukimwambia Newala umeshamwambia mlima, maana mji wenyewe umekaa juu ya uwanda, unalitazama bonde la Ruvuma kwa chini. Kama mlima una bei yake, ingetajwa kwenye simu, mtu aamue mapema kama anawasubiri wao au anatafuta wengine.

Hapa kijiweni wapo waliosema mjomba angegoma. Kondakta mmoja alikazana kweli: "Ningekaa pale getini mpaka kieleweke!" Nikamwuliza, ungekaa ukila nini? Msimu wa korosho ndio huu. Kuanzia Oktoba mpaka Januari ndipo Noah ya huku inapopata ada ya shule na mabati. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007 korosho zinapita vyama vya ushirika, yaani AMCOS, zinakwenda ghala kuu, zinapigwa mnada, na malipo yakitoka watu wanamiminika mjini benki. Hao ndio abiria. Kila siku gari likilala yadi, mwenye yadi anaongeza elfu hamsini na mwenye gari anakosa hela ya siku nzima. Mmoja anangoja huku anaingiza, mwingine anangoja huku anatokwa. Kwa hali hiyo hakuna mabishano ya bei, hata kama mjomba angekuwa na ulimi wa wakili. Gari likishaingia ndani ya geti, bei anaipanga aliyelishika.

Ndiyo maana nasema tunagombana mahali pasipo pake. Tunapiga kelele getini, wakati ugomvi wetu ulitakiwa uishe barabarani, kabla ya mnyororo kufungwa.

Fundi wetu hapa, ambaye maneno yake huwa machache, alilala chini ya Noah ile akatoka na jambo moja tu: "Hii imeburutwa tairi za kuendesha zikiwa chini." Akaeleza, nami nayarudia kwa sababu wengi hawayajui. Gari la otomatiki kama Noah ile, pampu inayosukuma mafuta ndani ya gia boksi inaendeshwa na injini. Injini ikizimwa, pampu imelala. Sasa ukilivuta gari tairi zinazoendesha zikizunguka barabarani, vyuma vya ndani vinazunguka bila mafuta ya kutosha. Mwendo mfupi wa polepole linaweza kuvumilia. Kutoka mlimani mpaka Masasi, gia boksi inaungua kimyakimya. Dawa yake inajulikana: zinyanyuliwe tairi zinazoendesha, au gari lote lipakiwe juu. Kwa Fuso, mafundi huvua propela kabla ya kuvuta. Si siri ya kiwandani hiyo. Mwenye breki dauni anajua, na kama hajui, basi anafanya kazi asiyoijua kwa mali ya watu.

Bampa nalo lina habari yake. Mnyororo ulifungwa penye bampa badala ya kwenye pete ya kuvutia. Mjomba alipolalamika aliambiwa, "Lilikuwa hivyohivyo mzee." Na mjomba wa watu hakuwa na hata picha moja. Simu alikuwa nayo mfukoni. Usiku, mvua, abiria wamemzunguka wanadai nauli zao, angekumbuka picha saa ngapi?

Ngoja niseme la pesa, maana hapo ndipo watu wanapofungwa macho. Kwenye gari lililovutwa huwa kuna pesa za aina tatu, na yadi hupenda kuzitaja kwa mkupuo mmoja. Kuna faini, kama kulikuwa na kosa la barabarani: hiyo ni ya serikali, inalipwa kwa kontroo namba, haishikwi mkononi na mtu. Kuna ujira wa kuvuta: mvutaji ni mfanyabiashara, anatakiwa akupe risiti ya EFD, na kwenye risiti iandikwe kazi aliyofanya. Na kuna ya kulaza gari, ambayo haina maana mpaka ujue inaanza kuhesabiwa lini. Mjomba hakuwa na kosa lolote la barabarani. Gari liliharibika tu. Lakini alipewa jumla, akalipa jumla, akaondoka na kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu, hakina hata jina la biashara.

Bima je? Wengi wetu tuna bima ndogo, ile inayomlipa mtu mwingine uliyemgonga. Gia boksi yako mwenyewe haimo. Mwenye bima kubwa angalau ana pa kuanzia.

Ila sheria ipo, wadogo zangu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema habari za mali iliyokabidhiwa kwa mtu: aliyekabidhiwa aitunze kama mtu wa busara ya kawaida angetunza mali yake. Akiiharibu kwa uzembe, anawajibika. Sheria hiyohiyo inampa aliyeifanyia mali kazi ya ufundi haki ya kuishika mpaka alipwe ujira wake. Ujira wake, yaani ule mliopatana. Bei iliyozaliwa gari likiwa tayari ndani ya geti haimo humo. Na Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya mali inayohamishika mpaka shilingi milioni 30, kwa Kiswahili, kwa hiyo gia boksi ya Noah haihitaji safari ya Mtwara. Kinachohitajika ni karatasi, na karatasi ndiyo inayotushinda.

Vijana wa bodaboda hapa waliposikia hayo walicheka kwa uchungu. Wao pikipiki ikikamatwa hupakiwa difenda au kirikuu, inarushwa kama gunia. Bajeti ya mwaka 2021 iliwapunguzia faini ya kosa moja kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na walishukuru. Lakini elfu kumi hiyo si mzigo wao mkubwa. Mzigo ni siku. Wengi wanaendesha kwa mkataba, na hesabu ya tajiri hailali hata kama pikipiki imelala uani. Kijana mmoja alisema aliirudia pikipiki yake akaikuta haina betri, tangi kavu, kioo cha pembeni kimeng'oka. Alimwuliza nani? Hakumwuliza mtu. Alishukuru kuipata, akaisukuma mpaka kwa fundi. Hapo nilisonya mpaka mate yakakauka. Kijana anaibiwa betri kisha anashukuru! Tumezoezwa vibaya sana.

Kwa hiyo mwenye chombo, sikia. Kabla mnyororo haujafungwa, toa simu, zunguka gari lote: mbele, nyuma, ubavuni, dashibodi yenye kilomita, na breki dauni yenyewe pamoja na namba zake. Bei mpatane kwa ujumbe wa simu, hata kama mmeshaongea, uandike: kutoka hapa mpaka pale, kiasi hiki, kulaza kunaanza siku fulani. Ni otomatiki? Mwambie na umwandikie. Siku ya kutoa gari, usikimbilie usukani. Kagua hapohapo getini, na kama kuna kilichovunjika kiandike nyuma ya risiti mbele yao kabla hujatoka, hata wakinuna. Ukilazimika kulipa bei usiyoikubali ili upate gari, andika kwamba umelipa huku ukipinga.

Lakini sikubali mzigo wote umwangukie mwenye gari aliyekwama usiku. Halmashauri zetu, Masasi na Newala, zina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Mbona ushuru wa sokoni unajulikana, mtu anaujua kabla hajapanga nyanya zake? Mwenye breki dauni abandike bei zake ukutani, kwa kilomita na kwa uzito, mlima ukiwemo. Yadi ijaze fomu ya hali ya gari linapoingia, nakala moja apewe mwenyewe. Vituo vinavyoshikilia pikipiki vifanye hivyohivyo: betri ipo, mafuta kiasi gani, vioo viwili. Ni daftari na kalamu tu, wala hakuna bajeti ya kusubiri. Diwani akipita hapa kijiweni kuomba chai, hilo ndilo nitakalomwuliza, na nitamwuliza mbele za watu.

Mjomba amekubali tuidai haki yake. Fundi ameahidi kuandika kwa mkono wake alichokiona chini ya gari, na kusaini. Abiria wawili waliokuwemo usiku ule wanakumbuka bampa lilikuwa zima, mmoja aliliegemea akivuta sigara huku wakingoja. Ujumbe wa simu wenye ile laki mbili umepatikana kwenye simu ya mke wa mjomba, maana yeye ndiye aliyetuma. Jumatatu tunaanza na yadi kwa barua, tukiwapa nafasi ya kurekebisha. Wakikataa, shemeji wangu anayejua njia za mahakamani atatuongoza kufungua madai.