Fisi, Sungura na Jua la Lipa Polepole

Kijiji cha Fisi kilikuwa na umeme mwingi sana, ila ulipita juu. Nyaya nene zilitoka kwenye mitambo ya upepo ya Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, zikaenda hadi Suswa, kilomita 428, na njiani hazikusimama hata kunywa chai. Mitambo yenyewe ni 365, mmoja kwa kila siku ya mwaka. Ilisimikwa kabla ya nyaya kukamilika, ikazisubiri hadi 2018. Siku nyaya zilipofika, wanyama walishangilia. Wazee wakatumwa kuuliza kama kijiji kitapata japo kidogo. Wakajibiwa kwamba umeme wa kilovolti 400 haugawiwi kwa kijiko, sharti kijengwe kituo cha kuupoza, na kituo hakijengwi kwa ajili ya vijumba arobaini. Jibu lilikuwa la kweli, na ndiyo maana liliwaudhi.

Wakarudi kwenye vibatari. Mafuta ya taa aliyauza Mama Ngiri kwa kipimo cha shilingi 40, kinachotosha usiku mmoja endapo watoto hawasomi. Kununua kwa lita kungekuwa nafuu zaidi, lakini ni nani kijijini aliyewahi kushika pesa za lita?

Ndipo Sungura akaja na pikipiki na fulana ya njano.

"Jua ni la Mungu, paa ni lako," akamwambia Fisi. "Mimi ni wakala tu."

Akashusha paneli ya wati 20, betri ya lithiamu ndani ya kisanduku, taa nne, redio na waya wa kuchaji simu. Kianzio shilingi 3,500, kisha 50 kila siku kwa mwaka mzima.

"Mafuta unanunua ya ngapi?"

"Ya arobaini."

"Basi nimekuongezea kumi tu, na moshi nimekutolea bure."

Kobe, ambaye haachi hesabu impite, alikuwa amesogea karibu. "Hamsini mara 365, jumlisha kianzio, ni 21,750," akasema. "Maralal mjini seti kama hii ni 12,000 taslimu. Bei ya paneli duniani imeshuka kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya 2010 na 2020. Wewe umeshushiwa nini?"

"Mzee Kobe," Fisi akajibu, "nionyeshe hizo 12,000 zilipolala nikaziamshe."

Fisi alikuwa mlinzi wa usiku, analipwa mwisho wa mwezi pale tajiri anapokumbuka. Hamsini aliweza kuipata. Elfu kumi na mbili hakuwahi kuiona pamoja, na aliyepanga bei alilijua hilo vizuri.

Miezi miwili mambo yakanyooka. Mwezi wa tatu tajiri akasahau. Jua likachomoza kama kawaida, paneli ikafanya kazi yake kutwa, betri ikajaa pomoni, na ilipofika saa moja jioni nyumba ikawa giza. Ndani ya kile kisanduku mlikuwa na kadi ya simu. Pesa zikiingia, taa zinaruhusiwa kuwaka. Zisipoingia, kisanduku kinajifunga. Fisi akapiga simu kwa hasira.

"Jua mmelikata?"

"Jua halikatiki, ndugu yangu," Sungura akasema kwa upole. "Kilichokatwa ni ruhusa."

Kobe akacheka hadi gamba likatikisika. Yeye alikuwa ameapa kutolipa riba ya mtu, akaenda mnadani na akiba yake, akarudi na paneli iliyoandikwa wati 100 na betri ya gari iliyochoka. Chaji kontrola hakununua, akiamini ni ujanja wa wauzaji kuongeza bidhaa kwenye risiti. Paneli akaifunga juu ya gamba, ili mali yake asiiache nyuma. Kila adhuhuri jua lilipokuwa kali, saa ambayo paneli huvuna zaidi, Kobe akaingia kichakani kupumzika.

Baada ya miezi sita akamwita fundi Mjusi. Mjusi akapima, akasoma maandishi, akapima tena.

"Karatasi inasema 100, mita inasema 38. Tena seli za paneli hii zimeungwa mfululizo, jani moja likifunika seli moja, zote zinalegea. Na betri hii, Mzee, imetengenezwa kuwasha injini kwa kishindo. Wewe umeikausha kila usiku. Ungeishia nusu, na ungekuwa na chaji kontrola ya kukuzuia."

"Ina warranti?"

"Aliyekuuzia ana anwani?"

Kwa Fisi, wakati huohuo, taa moja iliungua, na Sungura akafika kabla simu haijapoa. Betri ilipolegea, ikabadilishwa siku hiyohiyo. Ukarimu huo una sababu yake: Fisi akikaa gizani kwa kosa la mtambo, halipi, na deni lililobaki lilikuwa bado mfukoni mwa Fisi. Hesabu ya Kobe ilikuwa sahihi hadi shilingi ya mwisho, ila pikipiki ya Sungura hakuipigia bei. Simtetei Sungura. Mwaka 2020 serikali ya Kenya ilipoondoa msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola, wateja wapya walipandishiwa hamsini kuwa 57 wiki hiyohiyo. Msamaha uliporudishwa 2021, Sungura alidai kwamba siku hiyo hakusikiliza redio.

Siku ya kumaliza deni, Fisi alitumiwa namba ya kufungua kisanduku moja kwa moja. Akachinja. Hata Mama Ngiri alikuja, akala na kununa.

Miezi miwili baadaye taa ya jikoni ikazima. Fisi akapiga simu. Sungura yuko mkutanoni. Akapiga kesho yake, yuko safarini. Akapiga kutwa nzima, namba inatumika. Siku ya tisa pikipiki ikasikika yenyewe, nyuma imebeba runinga na paneli kubwa.

"Kianzio hakuna," Sungura akasema. "Umekuwa mlipaji mzuri. Themanini na tano kwa siku, miaka miwili tu."

"62,050," Kobe akaitika toka kichakani.

"Watoto hawajaomba runinga," Fisi akasema.

"Wataomba."

Fisi akaitazama ile karatasi muda mrefu. "Nikisaini, taa ya jikoni utaitengeneza lini?"

Sungura alikwisha kutoa bisibisi. "Sasa hivi, mteja wangu."

Fisi akasaini.