Ndoo Inayochemka Bila Moto

Mjumbe alikuwa ameziba pua kwa kofia yake, mama mwenye nyumba kashika kiuno nyuma yake, na nyuma ya mama mwenye nyumba walikuwapo wapangaji wote, hata wale ambao siku ya zamu ya kuosha choo huwa wanaumwa. Hiyo ni juzi jioni. Mpaka leo nikienda dukani kununua sabuni, muuzaji ananiuliza kwa sauti ya chini, "Mkubwa, ule mzigo umeiva?"

Shitaka lilikuwa moja: napika gongo. Ushahidi ulikuwa uani: ndoo ya lita 20 yenye maji meusi, mpira mwembamba uliozama ndani, povu juu, harufu, na kando yake dumu la molasesi, ile ile inayouzwa hapa Morogoro kuwa ni ya ng'ombe, ingawa kila mtu anajua wateja wengine si ng'ombe. Nikaeleza kwamba ni chai ya mboji, ya kumwagilia mchicha.

"Mchicha wako ndio unakunywa molasesi?" Mjumbe akauliza.

Nikaona hapa panahitajika elimu. Gramu moja ya mboji nzuri, nikawaambia, ina bakteria kwa mamilioni, tena kuna kuvu, tena kuna viumbe vya chembe moja vinavyowala bakteria hao na kutoa nitrojeni ambayo mizizi inaipokea kwa shukrani. Kwa lugha ya uani, mchicha unaishi kwa mkojo wa wadudu. Kazi ya ndoo ni kuwatoa wadudu hao kwenye mboji na kuwazidisha. Unajaza konzi kadhaa za mboji kwenye soksi, unaitumbukiza, unaongeza molasesi kidogo iwe chakula chao. Bakteria aliyeshiba, mwenye joto na hewa, anaweza kugawanyika na kuwa wawili kila dakika 20. Akianza peke yake saa kumi na mbili asubuhi, na chakula kisipungue wala hewa, saa kumi jioni ana ukoo wa zaidi ya bilioni moja. "Bilioni!" nikasema, na nadhani hapo mikono yote miwili ilikuwa juu.

Sasa umati huo unapumua. Maji ya nyuzijoto 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30, na ndoo iliyoshinda uani Morogoro inafika, hubeba kama 7 na nusu. Yaani joto linawachangamsha wadudu na wakati huohuo linawanyima hewa. Ndiyo maana ya pampu, ile ndogo ya tangi la samaki wa mapambo. Watu hudhani kazi yote inafanywa na mapovu, kumbe sehemu kubwa ni kule kuyapindua maji, ya chini yaje juu yakutane na hewa. Hata maji ya bomba hayatumiki hivihivi: yana klorini, iliyotiwa kwa kazi maalumu ya kuua hawa tunaowafuga, kwa hiyo huachwa wazi usiku kucha iruke.

"Mbona yananuka?" akasema mama mwenye nyumba, ambaye klorini haikumgusa.

Yananuka kwa sababu umeme ulikatika. Ulikatika saa mbili usiku, ukarudi kumeshakucha. Pampu ikisimama, mabilioni yale humaliza hewa iliyobaki kwa saa chache, kisha wanashika zamu wengine wasiohitaji oksijeni. Hao ndio wanaotoa gesi ya mayai viza, pamoja na asidi ileile inayoyafanya matapishi yanuke. Ni kemia tupu, ulevi haumo.

Kemia haikumridhisha mtu. Mjumbe akaagiza aitwe mzee mmoja wa mtaa wa pili, ambaye utaalamu wake haumhitaji mtu kuuliza aliupata wapi. Akaja taratibu, shati kalifunga vifungo vyote kwa heshima ya wito. Akachuchumaa, akavuta pumzi moja juu ya ndoo, akanyamaza. Kisha akanitazama kwa uchungu wa mtu aliyetukaniwa kazi yake.

"Mjumbe," akasema, "hii siyo. Gongo inapikwa kwa usafi."

Nikaachiwa huru. Afadhali wangenipeleka kituoni.

Mengine ni madogo. Bomba la kunyunyizia liliziba katikati ya tuta kwa sababu soksi ilikuwa na tundu. Soksi ilikuwa ya mke wangu. Kuku wa jirani alitumbukia, akatolewa.

Ila nina dukuduku, na hili si la kuchekea. Tuliofundishwa chai hii tulilipa kiingilio, tukapewa wali, daftari na cheti. Daftari linasema pampu iachwe ifanye kazi saa 24 hadi 36, basi. Hakuna ukurasa wa mtaa ulioingia gizani. Hakuna aliyetuambia kwamba huko Marekani, ambako chai hii ilivuma kwa mafundisho ya mwanasayansi Elaine Ingham, kikosi kazi cha bodi ya viwango vya kilimo hai kilitahadharisha mwaka 2004 kwamba vyakula kama molasesi vinaweza kuwanenepesha pia E. coli na Salmonella. Hakuna aliyesema kwamba watafiti bado wanabishana kama chai ina faida kuishinda mboji yenyewe. Watu wanakimbilia ndoo hizi kwa sababu mbolea ya dukani imewashinda bei, na wanaouza mafunzo wanalijua hilo vizuri kuliko wanavyozijua ndoo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji mwenye tuta: kama umeme wa kwenu ni wa kubahatisha, ichukue mboji hiyohiyo, itandaze, ifunike kwa majani makavu, mwagilia. Wadudu watazaliana bila pampu wala cheti. Ukishindwa kujizuia, acha molasesi, wala usinyunyizie mboga inayoliwa mbichi. Na chai ikishanuka haiokolewi. Imwage mbali na bustani.