Kurasa Mbili za Bure

Shemeji yangu ana saiba Kawangware, upande wa Congo, na mimi humshikia kaunta akienda tauni kununua wino. Ndiye aliyebandika tangazo mlangoni: tuma faili kwa barua pepe, kurasa mbili za kwanza bure kila siku kwa kila anwani. Alitarajia watafuta kazi. Wakaja mawakili wasiosomea sheria.

Wa kwanza alipunguza maandishi hadi saizi 6, kurasa nane zikaenea katika mbili. Nikamuuliza mwajiri atazisomaje. "Hiyo ni shida yake, boss." Wa pili akaja na akaunti mpya ya Gmail kila saa, na jina jipya kila akaunti, mchana alikuwa Kevo, jioni akawa Mercy.

Shemeji akabana: anwani moja, namba moja ya simu. Google nao mara nyingi hudai namba ukifungua akaunti, lakini Google hawajapanga chumba Kawangware, ambako mtu ana laini ya kupiga, laini ya bando, na laini asiyoijua anayemdai.

Na huku tukiwawekea wenzetu mipaka, yetu ikatuumbua. Gmail haitumi kiambatisho kinachopita MB 25, na watu hutuma vyeti vilivyopigwa picha juu ya kitanda, maua ya shuka yakionekana vizuri kuliko gredi. Faili ikizidi, inageuzwa kiungo cha Drive. Nabonyeza, naambiwa niombe ruhusa. Mwenye kuitoa amesimama mbele yangu, bando limemwishia. Basi namwashia hotspot yangu ili aniruhusu kumprintia bure!

Jumamosi moja GB 15 za akaunti yetu zikajaa. Barua zikawa zinarudishwa, foleni imefika kwa mama wa chapati. "Kijana, simu yangu imesema imetuma," mama mmoja akanifokea. "Mnakula barua za watu?" Nikafuta picha za maua ya shuka hadi kidole kikafa ganzi.

Aliyekomesha ujanja ni yule mama wa chapati. "Wewe, si ulikuwa hapa asubuhi na kofia?" Kevo na Mercy wakaondoka kwa miguu ileile. Tangu hapo analipwa kwa kuprintiwa menyu, na hakuna programu niliyoiona inayomfikia.

Kurasa mbili bado ni bure. Ukija, tafadhali fungua kiungo chako kwa kila mtu kabla hujatoka nyumbani.