Namna ya Kufukuzwa Baa Kabla Sandwichi Haijafika

Kufukuzwa McSorley's si kazi ya kubahatisha. Baa hiyo ya East 7th Street, New York, imekuwa ikimimina bia tangu karne ya 19. Imepokea walevi wa kila daraja, na wahudumu wake hawashtuki ovyo. Anayetaka kutolewa nje na njaa yake lazima ajipange. Bahati nzuri wenyewe wametundika mwongozo ukutani, maneno machache tu: uwe mwema, la sivyo uondoke. Wengi huyasoma kama onyo. Wewe yasome kama tangazo la nafasi ya kazi, kwamba ile nafasi ya pili bado iko wazi.

Anza na saa. Usiende Jumanne saa nane mchana, wakati meza zipo, mwanga unaingia dirishani na mhudumu ana muda wa kukujibu. Siku hiyo utakula vizuri na mpango wote utavurugika. Nenda Jumamosi saa tatu usiku. Bora zaidi, nenda tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, ambayo kwa baa iliyoanzishwa na mhamiaji kutoka Ireland ni Idi na Krismasi kwa pamoja. Muwe kumi na wawili. Mkifika, ulizeni meza ya peke yenu, ya dirishani, mbali na kelele. Meza za hapa ni za umma: utakaa, atakuja mtu usiyemjua atakaa ubavuni mwako, na kiwiko chake kitakuwa kimefika kwenye sahani yako kabla hamjaulizana majina. Mwambie kiti hicho kina mwenyewe, yuko njiani anatoka New Jersey.

Sasa mwite mhudumu. Tumia ile "psii!" ya nyumbani, ambayo pale Sinza, Dar es Salaam, humgeuza dada wa watu hata akiwa na kreti mkononi. Hapa kelele zitaimeza. Mhudumu atakuja kwa wakati wake, bilauri tele zikiwa zimebanwa vidoleni, naye atakuuliza swali moja tu: nyepesi au nyeusi? Sisi tuliozoea kuulizwa "ya baridi au ya moto?" tunaweza kudhani ndiyo kwanza mazungumzo yanaanza. Kumbe yamekwisha. Kileo cha hapa ni bia ya nyumba, nayo ina rangi mbili. Basi agiza mvinyo. Ukinyimwa, agiza wiski, halafu uliza kama hawana hata ile ya chupa unayoipenda. Ukizidiwa, kubali bia lakini sisitiza uletewe moja. Bilauri zao ni ndogo, huja mbilimbili zikiwa na povu, na ndivyo zinavyouzwa. Anayeomba moja ameomba nusu ya suruali.

Kama bado hawajakukunjia uso, ingia kwenye historia. Baa yenyewe husema ilianza mwaka 1854. Soma tarehe hiyo kwa sauti, kisha mweleze mhudumu mwenye foleni ya watu thelathini kwamba wapo waliochimbua kumbukumbu za jiji na kukuta kiwanja kilikuwa kitupu mwaka 1860 hadi 1861. Ongeza suala la Abraham Lincoln. Ni kweli alihutubia kwenye chuo cha Cooper Union, hatua chache kutoka hapa, Februari 27, 1860, na hapa watu hupenda kusimulia kwamba baada ya hotuba alipita kupata kinywaji. Uliza: kama palikuwa kiwanja kitupu, alikunywa akiwa ameegemea nini? Mimi naliona swali hilo kuwa zuri sana, ila halijawahi kumshibisha mtu.

Twende kwenye chakula, maana ndiko kwenye fursa nyingi. Menyu iko ubaoni kwa chaki, na ubao hauna maneno mengi. Utakuta nyama ya ng'ombe iliyolazwa kwenye chumvi, bata mzinga, paja la nguruwe, na ile soseji laini ya ini ambayo kwa rai yangu ndiyo sababu ya kuvuka jiji. (Ini lenyewe kwa kawaida ni la nguruwe, kwa hiyo asiyekula nguruwe atabaki salama kwa bata mzinga, ng'ombe au jibini.) Sandwichi hizi hazikuvalishwa kwa ajili ya picha. Ni mkate, nyama iliyojaa, kitunguu kibichi, basi. Zilibuniwa kwa mtu aliyetoka kazini na anayerudi kazini, asiye na muda wa kuuliza jani la kijani pembeni linafanya nini.

Mteja ni mfalme, na hapa ndipo pa kuvaa taji. Uliza ng'ombe alilishwa nini. Uliza kama mkate upo usio na ngano. Omba kitunguu kikaangwe kidogo, nyama ipashwe, mayonezi iwekwe kwenye kisosi, sandwichi ikatwe vipande vinne na kimoja kifungwe cha kwenda nacho nyumbani. Tatizo la mbinu hii ni kwamba jiko lao halikupi muda. Ubao ukiwa mfupi, mpishi hatafutitafuti kitu, na sandwichi hufika kabla mhudumu hajapata nafasi ya kukasirika. Nimeona wageni waliokuja na ukorofi wa hali ya juu wakinyamazishwa kwa tonge la kwanza.

Usikate tamaa, kuna haradali. Imekaa mezani ndani ya bilauri ya bia, imejaa, haina onyo lolote. Ipake pande zote mbili za mkate bila kuonja. Itapanda puani, itagonga kwenye paji la uso, na utalia mbele ya watu. Ila sikufichi: kwa kulia hutafukuzwa. Yule uliyemnyima kiti ndiye atakayekusogezea bilauri.

Kitunguu nacho kina ukoo wake. Mwanzilishi, John McSorley, aliyefariki mwaka 1910, alikuwa mlaji wa kuogopwa. Mwandishi Joseph Mitchell, aliyeiandika baa hii katika jarida la The New Yorker mwaka 1940, anasimulia kwamba mzee huyo alikuwa akitoboa kipande cha mwisho cha mkate, anashindilia kitunguu kizima ndani yake na kukitafuna kikiwa kibichi. Usiku kabla ya kufunga, alijichomea pande la nyama la zaidi ya kilo moja juu ya sepetu ya makaa. Chakula cha bure alichowawekea wanywaji enzi zake kilikuwa biskuti za chumvi, jibini na vitunguu vibichi. Siku hizi sahani hiyohiyo inalipiwa, na bado inaagizwa. Wewe irudishe. Sema kwenu kitunguu kibichi huoshwa kwa chumvi na kukamuliwa limau, kikaitwa kachumbari. Hapo, kwa mara ya kwanza, utakuwa umesema jambo la maana.

Dada msomaji, wewe ulikuwa na njia ya mkato, lakini imefungwa. Kwa zaidi ya miaka mia moja, mwanamke alifukuzwa McSorley's kwa kuingia tu. Kauli mbiu ya mzee John ilikuwa bia nzuri, vitunguu vibichi, na wanawake hapana. Ajabu zaidi, mwaka 1939 baa ilirithiwa na mwanamke, Dorothy O'Connell Kirwan, binti wa polisi aliyeinunua mwaka 1936. Alikuwa amemwahidi baba yake kwamba mwiko utabaki, akamkabidhi mume wake usimamizi, naye mwenyewe akawa anakwepa kukanyaga ndani saa za kazi. Hebu fikiria: hati ni yako, faida ni yako, kitunguu huruhusiwi.

Januari 1969, wanawake wawili, Faith Seidenberg na Karen DeCrow, waliingia wakaagiza. Wakanyimwa. Wakaenda mahakamani, na mwaka 1970 jaji wa shirikisho akaamua kwamba baa yenye leseni ya serikali haiwezi kumfungia nje nusu ya umma. Agosti mwaka huohuo meya John Lindsay akatia saini sheria ya jiji iliyokataza ubaguzi wa aina hiyo. Dorothy, inasemwa, alipopewa nafasi ya kuwa wa kwanza kuhudumiwa alikataa, kwa ajili ya ile ahadi. Choo cha wanawake kilisubiriwa hadi 1986. Kwa miaka 16 mahakama iliwahakikishia bia, haikuwahakikishia pa kuipeleka. Na mwaka 1994 binti wa mwenye baa mpya akasimama nyuma ya kaunta kuwahudumia wanaume, ambao hawakufa. Kwa hiyo dada yangu, ukitaka kufukuzwa leo, itakubidi utumie tabia mbaya kama sisi wengine.

Kama yote yameshindikana, angalia juu ya kaunta. Kuna taa ya zamani iliyoning'inizwa mifupa ya vidari vya bata mzinga, ile yenye panda mbili. Inasimuliwa kwamba iliachwa na vijana waliokuwa wakienda Vita Kuu ya Kwanza, kila mmoja akikusudia kuja kuuchukua wake akirudi. Iliyobaki ni ya wasiorudi. Vumbi liliachwa lijilimbikize juu yake hadi mwaka 2011, idara ya afya ya jiji ilipotaka usafi. Mwenye baa hakumwachia mfanyakazi kazi hiyo, aliishusha na kuifuta kwa mkono wake mwenyewe. Hapo sina mbinu ya kukupa. Mwongozo wa kejeli nao una mahali pa kuvua kofia, na ukiinua mkono kuigusa utafukuzwa bila msaada wangu.

Imebaki bili. Baa hii ilisifika kwa kutaka noti, kwa hiyo toa kadi, simu na saa ya mkononi, kimoja baada ya kingine, huku nyuma yako watu wamesimama juu ya unga wa mbao uliotandazwa sakafuni wakisubiri kiti chako. Kisha baki umekaa na sahani tupu. Nyumbani tunaweza kulea soda moja kuanzia saa tisa hadi mechi iishe, na mwenye baa akatusalimia. Hapa watakuvumilia dakika chache, kwa adabu.

Na bakshishi: Marekani mhudumu hutegemea asilimia 15 hadi 20 ya bili, si chenji iliyobaki. Wewe mwachie senti, uzipange vizuri mezani. Hutafukuzwa, umeshaondoka. Ila safari ijayo, ukiwa na njaa ya kweli na umeamua kuwa mwema, utaona jinsi anavyokumbuka sura.