Kuingia Bure, Kutoka Ukaombe

Siku hizi ukimuuliza kijana programu ipi inafaa kwa biashara ya sarafu za kidijitali, hakujibu. Anakutumia linki. Ukiikagua linki yenyewe, mwishoni ina namba yake ya mwaliko: ukijisajili wewe, anakula kamisheni yeye. Mpwa wangu, fundi simu wa Mbagala, hunitumia mpya kila ya zamani inapopunguza kamisheni, na zote huziapia vilevile: "Anko, hii ndiyo yenyewe."

"Chagua inayoendana na mahitaji yako," ananishauri. Mahitaji yangu? Mahitaji yangu ni unga, luku na ada za shule. Huku kwenye sarafu nilikuwa na elfu hamsini tu isiyo na kazi, maneno ambayo nikiyatamka nyumbani kwa sauti, kazi inapatikana papo hapo. Bahati nzuri bitcoin moja hukatika vipande milioni 100, kila kipande kinaitwa satoshi, kwa hiyo hata mimi naweza kuitwa mwekezaji.

Usajili sasa. Piga picha kitambulisho mbele, piga nyuma. Geuza uso kushoto, geuza kulia, kopesa macho, fungua mdomo. Kwenye kitambulisho nina nywele, mbele ya kamera nina upara, basi mashine ikasita kama mlinzi wa getini aliyeambiwa wewe ni mwenye nyumba. Ilipokubali ikaniuliza kipato cha mwaka, na kiwango cha chini kabisa kilikuwa "pungufu ya dola 25,000". Humo ndani tumo mimi, mwalimu mkuu wa shule ya kata na mama muuza vitumbua wa pale kona, wote tabaka moja. Sijawahi kuheshimiwa hivyo.

Ukishaingia ndipo unagundua programu haikutengenezwa kwa ajili yako. Mishumaa myekundu na ya kijani inapanda na kushuka kwenye kioo, na kitufe kikubwa cha njano kinakukaribisha ucheze kwa mkopo wa mara 100 ya hela yako. Nani katika ukoo wetu aliomba hicho? Kwa mkopo wa namna hiyo, bei ikienda usikotaka kwa asilimia 1 tu, mtaji wako umekwisha, na hakuna wa kukupa pole. Kitufe cha kutoa hela, ambacho ndicho mtu mzima anakitafuta kwanza, nilikikuta ndani ya menyu iliyo ndani ya menyu, kwa maandishi membamba ya kijivu.

Halafu kuna hizi zinazojitangaza kuwa hazina ada. Hakuna cha bure hapo. Tazama bei wanayokuuzia na bei watakayonunua kwako dakika hiyohiyo. Pengo la katikati ndilo mshahara wao. Afadhali ile inayosema wazi nakukata asilimia 0.1 kwa kila muamala. Huyo angalau kaniibia nikimwona.

Mimi kipimo changu ni kimoja tu: mlango wa kutokea. Weka kidogo, kitoe chote, hela ifike kwenye simu yako, ndipo muanze kuzoeana. Mpwa wangu ananiambia nina mambo ya kizee. Basi mwaka 2022 soko moja la sarafu hizi lenye majigambo, FTX, lilimlipa mchekeshaji Larry David akaigiza kwenye tangazo la fainali ya Super Bowl mzee mbishi aliyekataa gurudumu, akakataa uma, mwishowe akaikataa na FTX yenyewe. Watu wakamcheka mzee. Novemba ya mwaka huohuo wateja wakaenda kutoa hela zao, hazitoki. Mwenye soko, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa kifungo cha miaka 25 mwezi Machi 2024. Mzee mbishi sikusikia akiombwa radhi.

Hizo ni kubwa. Zile ndogo zinazokuja kwa WhatsApp, weka laki uvune laki tatu Ijumaa, zina dalili moja isiyokosea: siku ya kuvuna unaambiwa ulipe kwanza "kodi" ndipo upewe chako. Tangu lini kodi ikakatwa mfukoni na faida ikabaki kwao? Na kodi ya kweli ipo. Novemba 2019 Benki Kuu ilitutangazia kwamba vitu hivi si fedha halali nchini. Ilipofika Sheria ya Fedha ya 2024, ikawekwa kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Hazitambuliki kama fedha, ila makato yake ni shilingi kamili.

Basi nikanunua. Kwa njia niliyoitumia huuziwi na programu, unauziwa na mtu. Programu inazishikilia sarafu zake mpaka athibitishe hela imemfikia, na saa inahesabu dakika 15 kurudi nyuma huku jasho linakutoka. Muuzaji wangu alikuja na masharti: "Kwenye maelezo ya malipo usiandike bitcoin, usiandike kripto."

"Niandike nini?"

"Chochote, kiongozi."

Nikaandika kitu ambacho hakimshtui Mtanzania yeyote: mchango wa harusi. Sarafu zikaingia bila tatizo. Jioni mama watoto akaazima simu yangu atafute namba ya fundi bomba, akakutana na ujumbe wa benki.

"Baba watoto, harusi ya nani hii ya elfu hamsini?"

Nikasema ya mtoto wa bosi. Sasa anataka kujua sare ni kitambaa gani na kinauzwa duka lipi pale Kariakoo.