Pampu Haina Hatia

Mtu anayefuga matumbawe nyumbani utamtambua kwa jambo moja: haangalii samaki. Mgeni akiingia sebuleni husimama mbele ya tangi, akamwona yule samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, akatabasamu. Mwenye tangi wakati huo amepiga magoti pembeni, tochi mdomoni, anakagua chupa.

Chupa zenyewe ni tatu, na kuwepo kwake kuna sababu. Matumbawe ni wanyama, na wanyama hawa hujenga mifupa ya chokaa usiku na mchana. Baharini hilo halina taabu. Kila lita ya maji ya bahari ina miligramu 420 hivi za kalsiamu na karibu 1300 za magnesiamu, alkali yake ni nyuzi 7 kwa kipimo cha Kijerumani, na bahari yenyewe haina mwisho. Tangi langu la lita 300, ghorofa ya tatu mjini Hamburg, lina mwisho, tena wa karibu. Matumbawe yakinawiri hula alkali na kalsiamu kila siku, na kinacholiwa leo sharti kirudishwe leo.

Njia inayotumiwa na wengi ina jina la Mjerumani Hans-Werner Balling. Chupa ya kwanza ni kalsiamu kloridi, ya pili ni sodiamu baikaboneti, ndugu wa magadi tunayolainishia maharage, na ya tatu ni magnesiamu. Mwiko ni mmoja: ya kwanza na ya pili zisikutane kabla hazijachanganyika vizuri na maji ya tangi. Zikikutana, papo hapo hufanya lile ambalo matumbawe hulifanya taratibu. Hutengeneza chokaa.

Mjomba wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, alinisikiliza nikimweleza haya yote kwa adabu kubwa. Yeye anatoka pwani ambako wazee walichoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea misikiti na majumba, kuanzia Kilwa hadi Lamu. Nilipomaliza akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, yakishakua mnayachoma lini?"

Zamani nilikuwa nikimimina dawa kwa mkono, kwa bomba la sindano, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Kisha nikanunua pampu ya dozi. Ni kisanduku kidogo chenye vichwa vitatu. Ndani ya kila kichwa kuna mrija laini, na vigurudumu vinavyozunguka vikiuminya mrija huo na kuisukuma dawa mbele, mililita mbili sasa hivi, mbili baada ya saa moja. Tangazo liliahidi kwamba nikiwa nacho ninaweza hata kusafiri. Tangu nimekinunua siendi popote.

Tatizo la kwanza la pampu ya dozi ni kwamba haijui kama imetoa dawa. Inachohesabu ni mizunguko. Ncha ya mrija ikigandwa na chumvi mpaka hata tone halipiti, kioo chake kitaandika "imekamilika". Chupa ikiwa tupu, itapampu hewa kwa moyo mkunjufu na kuandika "imekamilika". Hata mrija wa ndani ukichoka kwa kuminywa mwaka mzima, ukawa unatoa mililita nane badala ya kumi, mwenzako ameshakamilisha. Dawa yake ni kuiamuru itoe mililita kumi ndani ya silinda ya kupimia, usome kilichotoka kweli, kisha uiambie ukweli huo kwa kubonyeza vitufe. Ni kazi ya jioni nzima, maana vitufe ni viwili na menyu ni kumi na mbili.

Lakini hayo yote yamo ndani ya kitabu cha maelekezo, na kitabu hicho kimeandikwa na watu makini. Kina jedwali la hitilafu, sababu zake na suluhisho. Kisichokuwa nacho ni ukurasa unaohusu watu wa nyumbani.

Chukua mambo ya Jumatatu. Kwa muda mrefu alkali ilikuwa inavurugika kila Jumatatu. Nilibadilisha kipimo, nikasafisha mirija, nikaikalia pampu nikiitazama inavyofanya kazi, ikafanya kazi kwa heshima zote. Mpaka Jumapili moja jioni nikamwona mama watoto anachomoa waya ukutani achomeke pasi. Nguo za shule zilipokwisha akachomoa pasi, akarudisha waya wa pampu mahali pake, akazima taa. Mwanamke mwangalifu. Ila pampu ile ikikosa umeme husahau saa, na ukirudi huamini kwamba ni usiku wa manane wa siku mpya. Ikaanza kugawa upya dozi ambayo mchana ilikwisha kuitoa.

"Si nimeirudisha?" aliuliza.

Alikuwa ameirudisha. Hata kitabu kingekubaliana naye.

Kisha ikaja ile asubuhi ambayo maji yalikuwa meupe. Si ukungu, weupe hasa. Samaki walikuwa wanapita kama vivuli. Mjomba, aliyekwisha kuswali na kuketi, alikuwa akilitazama tangi kwa hamu kuliko siku zote. "Leo naona," akasema, "samaki mnawapika na tui humo humo."

Nikachota maji nikapime alkali. Kipimo changu ni cha matone: unadondosha moja moja ndani ya kichupa, kila tone ni nyuzi moja, na maji ya bluu yakigeuka njano unaacha kuhesabu. Siku njema hugeuka kwenye tone la saba. La saba likapita, bluu. La kumi, bluu. Mtoto akaja kusimama begani kwangu, akawa ananisaidia kuhesabu kwa sauti, akifurahi kila namba ilivyopanda. Njano ilitokea kwenye tone la kumi na sita.

Kioo cha pampu kilikuwa kimeandika "imekamilika".

Nilifungua jedwali la hitilafu. Pampu haizunguki: inazunguka. Pampu inapiga kelele: iko kimya. Vigurudumu vimekwama: havijakwama. Kwa mujibu wa kitabu, nilikuwa na pampu nzima na tangi la chokaa. Ikabidi niufuate mrija kwa kidole, kutoka kwenye chupa mpaka majini, na njiani nikakutana na familia yangu.

Chupa ya baikaboneti haikuwa sakafuni. Ilikuwa juu ya kabati la vitabu, imepangwa vizuri, kifuniko kimefutwa vumbi. Mjomba alinyoosha mkono kama mtu anayesubiri kushukuriwa. "Dawa haikai chini, mwanangu. Nyumba ina mtoto." Hoja hiyo haina jibu duniani.

Ncha ya mrija, iliyokuwa ikining'inia juu ya maji ili itone, ilikuwa imezamishwa na kufichwa nyuma ya jiwe. Mama watoto akaeleza kwamba kila saa usiku kulikuwa na tik, tik, tik, na kwamba mimi silisikii kwa kuwa nakoroma.

Katikati yao ulikuwa mrija uliochoka, usiofunga tena barabara. Chupa juu, ncha ndani ya maji, na njia iliyo wazi baina yao: utingo yeyote aliyewahi kunyonya dizeli kwa mpira atakueleza kilichofuata. Pampu ilizima ilipopaswa kuzima. Dawa ikaendelea na safari yake, na alfajiri lita moja nzima ilikuwa imehama. Kila mtu alifanya jambo la busara, na busara hizo zilipoungana zikazaa chokaa.

Maji yakiwa hivyo, hutii dawa nyingine juu yake, maana ndipo unapoua kabisa. Unaishusha chupa, unabadilisha maji kidogo kidogo kwa maji mapya ya chumvi, gramu 35 kwa lita, na unangoja. Samaki hawakudhurika. Baadhi ya matumbawe yalibabuka ncha, na kifaa cha kupashia maji joto kilivaa gamba jeupe ambalo nililitoa kwa siki, huku Mjomba akisema kwamba kwa gamba lile mtu angepaka chumba.

Sasa nyumbani kuna sheria. Chupa zinakaa chini kuliko maji, ndani ya kabati lenye kufuli ili Mjomba alale. Dawa inayowekwa ndani ya chupa ni ya siku chache tu, ili hata ikimwagika yote tangi listahimili. Ncha za mirija zinaning'inia hewani, mbalimbali, na tik tik imerejea. Soketi ya pampu nimeizungushia utepe wa gundi na kuandika kwa herufi kubwa: SI YA PASI.

Na kwa kuwa pampu haijui inachofanya, nimenunua mashine ya kuisimamia. Inapima alkali yenyewe mara kadhaa kwa siku na kunitumia ujumbe kwenye simu. Nililifungua boksi mbele ya watu wote wa nyumba, nikakifunua kifuniko kwa fahari. Ndani mlikuwa na pampu za mirija, zile zile, na chupa ya dawa yake.

Mama watoto akainama kuitazama. "Hii nayo inapiga kelele usiku?"

Mjomba hakuuliza kitu. Alikwisha kuichukua ile chupa, na alikuwa akipima kwa macho urefu wa kabati la vyombo.