Kochi la Tandika, mlango wa Mabawe

Mume wangu, Baba Neema, alipostaafu alitangaza kwamba Dar imemshinda. Alisema hivyo wakati wa chakula cha usiku, umeme umekatika, wote tunajipepea kwa mifuniko ya ndoo. Hotuba yenyewe niliijua. Kila mwanaume wa Kagera niliyemfahamu pale Tandika anayo: kwetu kuna baridi, kwetu ndizi hazinunuliwi, kwetu mtu akikusalimu anasimama.

Hesabu zake hazikuwa mbaya. Sensa ya 2012 ilikuta watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam, ya 2022 ikakuta 5,383,728. Milioni ile iliyoongezeka, alisema, yote inagombania naye daladala saa kumi na mbili asubuhi. Nikamuuliza, sasa umestaafu, alfajiri hiyo unakwenda wapi? Neema akacheka. Baba yake hakucheka, na wiki iliyofuata akatafuta lori.

Ugomvi ulikuwa juu ya makochi. Yeye alitaka tuyauze. Mimi niliyanunua kwa fedha za mchezo wetu wa kina mama, nikasema siendi kukalia kigoda uzeeni. Makochi yakapakiwa.

Mabawe iko Ngara, ile pembe ya Kagera inayopakana na Rwanda na Burundi, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Tandika. Unapita Dodoma, Singida, Nzega na Kahama mpaka Nyakanazi, barabara ya Kigoma inapoachana na ya kwetu. Nasema "kwetu" kwa heshima ya ndoa. Mimi ni mtu wa Kisarawe. Dereva akaanza kutuhadithia jinsi mabasi yalivyokuwa yakivushwa mapori yale kwa kusindikizwa na polisi, kwa sababu ya majambazi. Baba Neema akamkatiza na kuanza kuisifia hewa.

Tulifika mvua za Novemba zimekolea. Ukoo mzima ulikuwa uani. Nyumba ni ya marehemu baba mkwe, tofali za udongo na bati, na mlango wake aliupima mtu aliyewaza binadamu na ndoo kichwani, basi. Kochi kubwa likagoma. Shemeji akasema fremu ing'olewe, akaleta sururu. Fremu iling'oka, kochi likaingia nusu, kisha kipande cha ukuta kikashuka taratibu juu yake na kulibana. Halikwenda mbele, halikurudi nyuma. Mama mkwe alikuwa ndani.

Mlango wa uani, mtauliza? Ulishazibwa na friji.

Mama wa watu hakufadhaika. Alifungua dirisha akaanza kupokea wageni waliokuja kutukaribisha, mmoja mmoja, akipewa pole na yeye akiwapa karibu. Nusu ya kochi iliyobaki nje ilifunikwa turubai, na watu wazima wakakaa juu yake, magoti kwenye matone, wakipitishiana rubisi, pombe ya ndizi. Walizungumza Kihangaza, ambacho ni ndugu wa Kirundi, na mimi nikawa nacheka wenzangu wakishamaliza.

Shemeji ndiye aliyenionea huruma akageukia Kiswahili. Alinicheka kidogo kwamba nimeukimbia mji wakati mji ulishawahi kuwafuata wao hapa hapa Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo. Pale Benaco likazuka jiji la maturubai, lenye masoko, bucha na vinyozi, lenye watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania. Kufikia mwisho wa 1996 walikuwa wamerudishwa kwao, na vilima vikabaki bila miti. "Mji ukija, shemeji, unaanza kula kuni." Leo Rusumo pana mitambo ya umeme ya megawati 80 inayogawanywa kwa nchi tatu, na huko Kabanga wanaingojea nikeli ichimbwe. Kwa hiyo huu utulivu tuliousafiria nchi nzima, sijui kama wenyeji wenyewe wanauhesabu kuwa wa kudumu.

Mimi nilikwenda dirishani kumpelekea mama mkwe chai. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimekuja kwa hiari. Nikasema nimekuja na mume wangu, mama. Akasema yeye pia alikuja hivyo hivyo, kutoka Rulenge, akalima shamba hili tangu usichana wake. Mzee alipofariki, wanaume wakakaa wakagawana migomba, na yeye akaachiwa nyumba ya kuishi. "Waulize jina lako litaandikwa wapi," akaniambia, na akarudisha kikombe.

Usiku ule sikubishana tena juu ya Dar na Mabawe. Mahindi mabichi, maji ya chemchemi na majirani wanaokuja na mkungu bila kuitwa, hayo yote nayakubali. Presha ya mume wangu imetulia pia, tunakwenda kuipima hospitali ya Murgwanza. Ila nilimwambia Baba Neema kwamba yeye amerudi kwao, mimi nimehamia kwa watu. Akanyamaza sana.

Kesho yake fundi baiskeli alikuja na msumeno wa chuma, akalikata kochi mkono mmoja, mama mkwe akatoka. Ukuta umejengwa upya, na mlango sasa unapitisha hata friji.

Nyumba ya Tandika tumeipangisha, na kodi inaingia kwenye simu yangu. Hilo lilikuwa sharti la kwanza. La pili, jina langu kwenye hati ya shamba, lilichukua vikao viwili vya ukoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na ya mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi, na inaifuta mila yoyote inayomnyima. Maombi ya hatimiliki ya kimila kwa kipande cha Baba Neema yako halmashauri ya kijiji, yana majina mawili. Kiwanja cha nyumba ya mama mkwe tumekiombea peke yake, kwa jina lake. Dada unayefungasha sasa hivi, iulizie hiyo fomu kabla hamjalipa lori.